Afisa wa Watoto Abishapo Hodi: Mamlaka Yake, Mipaka Yake na Amana Yetu

Katika mitaa yetu ya Pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga, hodi ina adabu yake. Mgeni husalimu, hungoja, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Adabu hii haikuletwa na mila pekee. Imo katika Qur'ani Tukufu, Sura ya an-Nur, aya ya 27 na ya 28, ambamo waumini wanafunzwa wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Katiba ya Kenya nayo, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, pamoja na haki ya nyumba yake kutopekuliwa. Mlango wa Muislamu wa nchi hii, basi, una hifadhi mbili: ya dini na ya sheria.

Hata hivyo, iko hodi moja ambayo huzitikisa nyumba nyingi. Ni hodi ya afisa wa watoto, aghalabu akiwa na mzee wa mtaa au askari, aliyekuja kuuliza habari za mtoto aliyemo ndani. Wako wanaofunga mlango na kuzima taa. Wako wanaomsafirisha mtoto usiku kwa usiku kwa jamaa wa mbali. Wako pia ambao, kwa hofu ya serikali, hukubali kila wanaloambiwa na kutia sahihi kila karatasi bila kuisoma. Njia zote tatu zina hasara. Ya kwanza na ya pili humwacha mtoto hatarini na kumgeuza mzazi kuwa mshukiwa, na ya tatu humnyima mzazi haki aliyopewa na sheria. Wiki hii tumeonelea tueleze kwa utulivu afisa huyu ana mamlaka gani, yanakomea wapi, na sisi wazazi na majirani tunadaiwa nini.

Ni nani huyu aliye mlangoni?

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa Julai mwaka huo na kuchukua mahali pa ile ya 2001. Juu yake ipo Katiba, ambayo katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara, ukatili wa kila aina na kazi za hatari. Kifungu hicho kinataja pia haki ya mtoto kulelewa na baba na mama, na kinasema wajibu wa wawili hao ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kisha kinaweka msingi ambao mahakama zote hurejea kwao, nao ni kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kutangulizwa.

Afisa wa watoto ni mtumishi wa umma katika Idara ya Huduma za Watoto. Kazi yake si ya kipolisi. Yeye huchunguza hali ya mtoto, huishauri familia, huwatafuta jamaa wa mtoto aliyepotea au kutupwa, na huiandikia mahakama ripoti. Sheria inamhesabu miongoni mwa maafisa walioidhinishwa kuchukua hatua mtoto anapohitaji matunzo na ulinzi. Polisi wamo katika kundi hilo, na watawala wa mashinani kama chifu. Wajitoleaji wa ulinzi wa watoto, ambao wengi wetu tunawajua kwa majina, ni macho na masikio ya idara mitaani. Wao husaidia na kutoa habari, lakini uamuzi wa kisheria si wao.

Kwa hivyo swali la kwanza mlangoni ni halali, na halina utovu wa adabu: "Wewe ni nani, na umetoka ofisi gani?" Afisa wa kweli ana kitambulisho cha kazi na ana ofisi inayojulikana katika kaunti ndogo. Mzazi aliandike jina lake, nambari ya kazi na jina la ofisi. Zama hizi za matapeli, mtoto hakabidhiwi mtu kwa sababu tu amevaa koti na kubeba faili.

Taarifa si hukumu

Uchunguzi huanza na taarifa. Mtu yeyote aliye na sababu ya kuamini kuwa mtoto yumo hatarini anaweza kumwarifu afisa wa karibu, au kupiga simu ya 116, ambayo hailipiwi na hupokewa usiku na mchana. Mtoa taarifa anaweza kuwa mwalimu wa shule, ustadhi wa madrasa, daktari, jirani, au mtoto mwenyewe.

Sheria imewaeleza watoto wanaohesabiwa kuwa wanahitaji matunzo na ulinzi. Miongoni mwao ni yatima asiye na mlezi, mtoto aliyetupwa, anayeombaomba barabarani, anayenyimwa elimu, anayepigwa au kudhulumiwa kimwili, anayeingiliwa, anayetumikishwa kazi za hatari, na msichana anayekabiliwa na kukeketwa au kuozwa kabla ya kutimiza miaka 18.

Hapa inafaa kukumbuka jambo ambalo dini yetu imelitilia mkazo. Sura ya al-Hujurat, katika aya ya 6, inatuamuru tuihakikishe habari tunayoletewa kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 12 inatukataza dhana mbaya na upelelezi wa aibu za wenzetu. Uchunguzi wa afisa wa watoto, ukifanywa sawasawa, ndio uhakikisho wenyewe. Taarifa haimtii mtu hatiani. Inafungua tu mlango wa kuuliza. Wapo wazazi waliosingiziwa na mtalaka mwenye hasira au jirani mwenye kinyongo, na kinga yao kubwa ni kwamba ukweli utafutwe na mtu asiye na upande. Anayezuia uchunguzi hujinyima mwenyewe njia ya kusafisha jina lake.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Mwalimu anaona alama za mjeledi mgongoni mwa mvulana wa miaka tisa. Mama anaambiwa, naye anasema mtoto alianguka mnazini. Mwalimu anapiga 116, na siku ya pili afisa yuko mlangoni. Pengine mtoto kweli alianguka. Pengine baba wa kambo ndiye aliyempiga, na mama anaogopa kusema. Afisa hajui, na hatakiwi kujifanya anajua. Wajibu wake ni kumwona mtoto, kusikia pande zote, na kuandika alichokiona.

Je, anaweza kuingia kwa nguvu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi. Kwa kawaida afisa wa watoto huingia kwa ridhaa. Anaeleza kilichomleta, naye mwenye nyumba humkaribisha. Mwenye nyumba anaweza kuomba kwanza aelezwe taarifa inahusu nini, ingawa jina la aliyeitoa huenda likahifadhiwa. Anaweza pia kuomba jamaa mmoja mtu mzima, mzee wa mtaa au imamu awepo kama shahidi. Na ikiwa nyumbani kuna wanawake peke yao, ni halali kuomba mazungumzo yafanyike barazani au afisa wa kike aitwe.

Mzazi akikataa kabisa, afisa hana ruhusa ya kuvunja mlango kwa hasira zake. Njia ya sheria ni kwenda mahakamani. Mahakama ya watoto inaweza kutoa amri ya tathmini, inayomtaka anayeishi na mtoto aruhusu mtoto huyo na hali yake vichunguzwe na mtu aliyeteuliwa na mahakama. Inaweza kutoa amri ya kumtaka aliyemficha mtoto amlete mbele yake. Polisi nao, wanapochunguza kosa la jinai, huomba kwa hakimu kibali cha upekuzi. Mtu akionyeshwa kibali au amri, aisome jina, anwani na tarehe, aombe nakala, kisha atii. Ubishi wa kisheria hufanyiwa mahakamani, si kizingitini.

Lakini hali ya dharura ina hukumu yake. Sheria inawaruhusu polisi, katika mazingira fulani ya haraka, kuingia bila kibali, na mtoto anayelia kwa maumivu nyuma ya mlango uliofungwa ni mfano ulio wazi. Hata katika fiqhi tunafunzwa kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na hukadiriwa kwa kiasi chake. Faragha ya nyumba imewekwa kumlinda binadamu. Haikuwekwa iwe ukuta wa kumzingira mtoto anayeteswa.

Kuzungumza na mtoto, na kumpeleka hospitali

Sheria inamtaka kila anayeamua jambo la mtoto ampe mtoto nafasi ya kutoa maoni yake kadiri ya umri na ufahamu wake. Ndiyo sababu afisa huomba kuzungumza naye faraghani. Wazazi wengi huliona hili kama tusi, lakini faida yake ni dhahiri: mtoto hatasema aliyemuumiza ikiwa aliyemuumiza ameketi pembeni yake. Mzazi aliyetenda haki hana cha kuogopa katika maneno ya mwanawe. Anaweza kuomba mazungumzo yafanyike kwa lugha anayoielewa mtoto, na ikiwa ni msichana, yafanywe na mwanamke. Asichofaa kufanya ni kumfundisha mtoto maneno ya kusema, wala kumtishia kwa laana.

Panapoonekana jeraha au ugonjwa, mtoto hupelekwa kwa daktari. Kesi ikiwa ya kupigwa au kuingiliwa, polisi hutoa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza alichokiona. Mtoto aliyeingiliwa ana haki ya matibabu ya bure katika hospitali ya umma, na wakati ni jambo kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zafaa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Familia isimwogeshe mtoto, isifue nguo alizovaa, na nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi badala ya plastiki. Aendelee hospitalini kwanza hata kama kituo cha polisi hakijafikiwa. Mombasa, hospitali kuu ya Coast General ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliofikwa na ukatili wa aina hii. Mengi ya makosa haya hupotea kortini kwa sababu familia ilikaa siku tatu ikishauriana, na ushahidi ukaoshwa kwa maji na sabuni.

Kumwondoa mtoto nyumbani

Mamlaka mazito zaidi aliyo nayo afisa aliyeidhinishwa ni kumchukua mtoto aliye hatarini na kumweka kwa muda mahali pa usalama. Mahali pa usalama ni taasisi, hospitali au pahali pengine panapofaa ambapo mwenyewe yu radhi kumpokea mtoto kwa muda. Maana yake ni kwamba si lazima pawe kituo cha kulelea watoto.

Mamlaka haya yana mipaka mitatu. Kwanza, lazima pawe na sababu ya maana ya kuamini kuwa mtoto yumo hatarini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila ridhaa yao, isipokuwa pale mamlaka husika, chini ya jicho la mahakama, zinapoona kuwa utengano huo ni wa lazima kwa maslahi yake. Pili, ufukara peke yake si sababu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto inaeleza kuwa umaskini wa mali usiwe ndio hoja pekee ya kumtoa mtoto kwao, bali uwe ishara kuwa familia inahitaji msaada. Mama anayeuza mahamri na kulala chumba kimoja na wanawe wanne hana kosa. Tatu, hatua ya afisa ni ya muda tu. Neno la mwisho ni la mahakama, na ni wajibu wa afisa kuifikisha kesi huko.

Hatua hii ikichukuliwa, mzazi aulize mambo manne na kuandika majibu: mtoto anapelekwa wapi, kwa sababu gani, lini shauri litafika mahakamani, na ni lini ataweza kumwona. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa serikali kwa haraka, kwa mujibu wa sheria na kwa uadilifu, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Aeleze mtoto anakunywa dawa gani, anaogopa nini, anakula nini na anaswali vipi. Na ataje papo hapo majina ya jamaa wanaoweza kumchukua.

Jambo jingine ni kutofautisha uchunguzi wa hali ya mtoto na kukamatwa kwa mtu. Afisa wa watoto huuliza kuhusu usalama wa mtoto, naye polisi huchunguza kosa. Mtu akikamatwa, kifungu cha 49 kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, kwa kuzingatia siku za kazi za mahakama. Kumzuia afisa kwa nguvu, kumtishia au kumficha mtoto ni mambo yanayoweza kumtia mzazi mwenyewe hatiani, hata kama taarifa ya mwanzo haikuwa ya kweli.

Mbele ya hakimu

Mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka mjini Mombasa, haifanani na korti tunayoiona katika sinema. Shauri halisikizwi hadharani. Waliomo ni wahusika, mawakili wao na watu walioruhusiwa. Kutangaza jina au picha ya mtoto kumekatazwa, na katazo hili latuhusu sote tunaosambaza habari katika makundi ya WhatsApp. Anayerusha picha ya mtoto aliyedhulumiwa kwa nia ya kumwonea huruma humwongezea jeraha la pili, ambalo halifutiki.

Afisa huwasilisha ripoti ya uchunguzi wake. Ripoti hiyo ina uzito mkubwa, lakini haimfungi hakimu. Mzazi ana haki ya kusikizwa, kujibu yaliyoandikwa na kuleta mashahidi wake. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta msaada wa kisheria kutoka kwa idara ya serikali iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au kwa mashirika kama FIDA na Kituo cha Sheria, yenye ofisi Mombasa.

Wengi hudhani hakimu ana chaguo mbili tu, kumrudisha mtoto au kumpeleka kituoni. Sivyo. Anaweza kuagiza familia ipewe ushauri nasaha na mwongozo. Anaweza kumwacha mtoto kwao chini ya uangalizi wa afisa. Anaweza kuamua mtoto akae na mzazi yupi na mwingine amtembelee vipi. Anaweza kumtoa nyumbani mtu mzima anayemdhulumu, ili mtoto abaki kitandani mwake na skuli yake isikatike. Kumkabidhi mtoto kwa mtu mwingine au taasisi ni hatua ya mbali. Katika mfano wetu, ikithibiti kuwa baba wa kambo ndiye mpigaji, inawezekana yeye ndiye atakayefungasha virago, na mvulana akabaki na mama yake. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

Kadhi, sulhu na sitara

Baadhi yetu husema: mambo haya yamalizwe kwa Kadhi, au barazani kwa wazee. Mahakama ya Kadhi ina heshima yake na imo katika Katiba. Kifungu cha 170 kinaipa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Lakini shauri la mtoto anayeteswa ni la mahakama ya watoto, na kosa la jinai ni la mahakama za jinai. Kesi ya talaka iliyo mbele ya Kadhi haimzuii afisa kuchunguza usalama wa mtoto.

Sulhu nayo ni ibada katika ugomvi wa mume na mke, wa jirani na jirani, wa ndugu na ndugu. Mtoto aliyeingiliwa hana ugomvi na mtu yeyote wa kusuluhishwa naye. Mbuzi, fedha, au ahadi ya kumwoza msichana kwa aliyemharibu hazifuti kosa. Humrudisha aliyeonewa mikononi mwa aliyemwonea. Dini yetu imesifu sitara, yaani kufunika aibu ya Muislamu mwenzetu aliyeteleza. Wanazuoni wametofautisha teleza ya mtu iliyo baina yake na Mola wake, na dhuluma inayomfikia mja mwingine. Ya kwanza hufunikwa. Ya pili huzuiwa, na aliyedhulumiwa hunusuriwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Hasara ya kunyamaza tumeishuhudia katika ardhi yetu hii ya Pwani. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Watoto hao hawakuchagua kukaa njaa. Kila mtoto aliyekufa kule aliwahi kuwa na jirani, na wengi walikuwa na babu, bibi, shangazi au ami waliokuwa wakijiuliza amekwenda wapi. Msiba ule haukuwa wa watu wa dini nyingine wa kutazamwa kwa mbali. Ni funzo kwa kila jamii ambayo huwaachia wazazi au viongozi wa dini neno la mwisho juu ya uhai wa mtoto, bila mtu wa kuuliza. Nasi tujiulize kuhusu bakora zinazovuka mpaka katika baadhi ya madrasa zetu, na wasichana wa kazi wa miaka 12 waliomo majikoni mwetu.

Kafala: nafasi ambayo ni yetu

Liko jambo moja katika sheria mpya ambalo Waislamu hatujalitumia vya kutosha. Sheria ya 2022 imeitambua kafala, yaani kumchukua na kumlea mtoto aliyekosa malezi ya kwao kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu. Mkataba wa Haki za Mtoto nao umeitaja kwa jina katika kifungu cha 20, na umetaka mtoto anapotafutiwa malezi mengine izingatiwe dini yake, lugha yake na utamaduni wake.

Kafala haimkati mtoto na nasaba yake. Sura ya al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, imefunza kuwa watoto waitwe kwa baba zao, kwa hivyo mtoto hubaki na jina lake. Harithi kwa mlezi kama mwana wa kuzaa, ingawa mlezi anaweza kumuusia sehemu ya mali isiyozidi thuluthi. Serikali, kupitia mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, inakusudia watoto watoke vituoni warudi katika familia. Lakini afisa anayetafuta mahali pa kumlaza mtoto saa nne ya usiku hawezi kumpeleka katika familia isiyojitokeza. Tukilalamika kuwa watoto wetu wamelazwa penye malezi yasiyo ya dini yao, yatupasa tujiulize ni nyumba ngapi za Kiislamu katika mtaa wetu zimekwenda kwa afisa wa watoto kusema: sisi tupo, tuko tayari, tuchunguzeni. Kamati za misikiti zinaweza kuandaa orodha ya familia kama hizo, wakijua kwamba nazo zitachunguzwa, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuonewa mara moja hafai kubahatishwa tena.

Afisa anapokosea

Maafisa ni binadamu. Wako wanaochelewa, wanaotoa maneno ya kejeli, na wanaotaka "chai". Huduma ya afisa wa watoto hailipiwi. Anayeombwa fedha ili faili ifunguliwe au ifungwe asilipe. Apeleke malalamiko kwa mkubwa wa afisa katika kaunti, kwa Tume ya Haki ya Utawala, au, kwa jambo la hongo, kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kumbukumbu alizoandika siku ya kwanza, yaani jina, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, ndizo zitakazompa nguvu. Kosa la afisa mmoja lishitakiwe kwa njia yake. Lisiwe kisingizio cha kumwacha mtoto bila mlinzi.

Watoto wetu ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokabidhiwa: baba, mama, ustadhi, jirani, na afisa pia. Sheria imempa afisa ruhusa ya kuuliza kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, na imempa mzazi haki ya kumwuliza afisa kwa idhini gani. Mwenye kuyajua yote mawili hafungi mlango kwa hofu, wala haufungui kwa ujinga. Husalimu, huuliza, huandika, kisha humtanguliza mtoto. Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na kila mwenye kuwaonea, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoitunza amana. Amin.